Ndugu wa Kuazima

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama, nimelala, nimeamka, nimeshaanza kazi, na bado sijazoea kitu hata kimoja. Chumba nilichopanga kiko nyuma ya duka la vioo. Dirisha langu linatazama ukuta, na ukuta unanitazama mimi. Mwenye nyumba ni mama mmoja asiyependa maneno. Siku niliyofika alinionyesha bomba, akanionyesha choo, akaingia ndani kwake, na mpaka leo hatujaongeza lolote.

Hospitali ni kubwa kuliko nilivyodhani. Sista mkuu wa wodi alinieleza masharti nikiwa nimesimama na mkoba wangu begani. Chuo cha udaktari hakipokei maombi ya mtu ambaye hajakaa karibu na wagonjwa miezi sita mfululizo, na yeye ndiye wa kutia sahihi kwamba nimekaa. Hilo neno mfululizo alilirudia, akanitazama. Ukikatiza unaanza upya Februari inayofuata, hata uwe na sababu gani. Kwa hiyo usinitarajie kabla ya mwisho wa Julai.

Sasa kazi yenyewe, na usicheke. Kazi yangu ni kukaa. Hapa kila mgonjwa anatakiwa awe na ndugu wa kumlisha, kumgeuza na kumwita muuguzi mambo yakiharibika. Wapo wasio na ndugu, na hao ndio wangu. Nakaa kwenye stuli kando ya kitanda mpaka Sista aniambie nihamie kwa mwingine. Wauguzi wamenibatiza Ndugu wa Kuazima. Leo asubuhi nimekuwa mpwa wa dereva wa malori, mchana nikawa mjukuu wa bibi mmoja anayeniita kwa jina la mtu nisiyemjua. Nikaitika.

Lakini nimeshajifunza mambo. Stuli inawekwa usawa wa magoti ya mgonjwa, si kichwani kwake, ili akuone bila kupinda shingo. Viatu vyangu vinalia kwenye ile sakafu, kwa hiyo navivua na kuvisukuma chini ya kitanda. Mikono naipasha moto kwapani kabla sijamgusa mtu. Na nikitoka nagonga chuma cha kitanda mara mbili, mgonjwa ajue narudi. Hakuna aliyenifundisha hayo, nimeyaokota mwenyewe.

Niandikie upesi. Na utengeneze simu.

Mwanao


15 Februari

Daktari wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma hata imeanza kulegea kwenye mikunjo. Mara moja niliisoma kwa sauti, mbele ya mteja mwenye povu kidevuni ambaye hakuwa na pa kukimbilia. Fundi Viatu naye ameisikia kupitia ukuta wa duka lake, anakusalimu sana. Anasema kama kazi ni kukaa, yeye ni profesa.

Simu haitengenezeki. Ilitumbukia kwenye karai la maji ya kunyolea, ikafa kifo cha heshima, tuiache ipumzike. Na ukweli ni kwamba kwenye simu wewe unaniuliza hujambo, mimi nakujibu sijambo, halafu tunabaki kusikilizana pumzi. Barua naweza kuirudia. Kukiwa na dharura mpigie Fundi Viatu, yake anaifunga mfukoni kwa kamba.

Huku hakuna jipya. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Jana nilimimina chai vikombe viwili kwa mazoea, nikavinywa vyote, maana joto limezidi na kiu hainiishi. Kinyozi nimefungua, kinyozi nimefunga, ndiyo habari yote.

Nina swali la kazi yako. Kuna mteja wangu mmoja, mtu mzima wa makamo yangu, mtu wa kusimama kutwa nzima kama mimi. Miguu inamfa ganzi. Anasema ni kama amevaa soksi na hali hajavaa. Usiku halali, kila saa msalani. Nikamwambia, bwana, mimi nina mtoto hospitali kuu, ngoja nimuulize. Alifurahi sana. Usiniaibishe.

Kula, lala, na usikae na wagonjwa mpaka ukawa mmoja wao.

Baba yako


26 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu na barua yako mpaka mwenye nyumba akachungulia mlangoni kuona kama nina mgeni. Alipoona sina, akaondoka haraka. Sasa nadhani ananiogopa.

Huku mambo yamesonga. Asubuhi nazunguka na madaktari wanapopita vitandani. Juzi daktari mkuu aliniuliza maoni yangu kuhusu mgonjwa mmoja, nikayatoa, akaniitikia kwa kichwa mbele ya wote. Kukaa bado nakaa, ila ni pale ninapopata nafasi.

Mwambie mteja wako aondoe wasiwasi. Miguu ya mtu anayesimama kutwa huchoka, damu inashuka yote chini. Kila jioni aloweke miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, moto kadiri anavyoweza kuvumilia, mpaka yapoe. Na apunguze kunywa maji jioni, ataacha kuamkaamka. Hayo ni mambo ya kawaida kabisa hapa kwetu.

Nimepata rafiki. Ni mgonjwa, mwalimu mstaafu, hana mke wala mtoto, na wodi nzima inamwita Mwalimu. Figo zimemchosha, lakini ulimi uko vilevile. Siku ya kwanza nilimpigia soga bila kupumua, akaniambia kwa upole kwamba watu wanaokuja kutazama wagonjwa huongea ili wao wenyewe wasiogope. Tangu hapo kila nikikaa namuuliza kwanza, "Tuongee au tunyamaze?" Mara nyingi anachagua tunyamaze, na si kimya kibaya. Jana alitaka kusomewa. Wodini hapakuwa na gazeti wala kitabu, nikachukua sabuni yake nikamsomea karatasi yake mwanzo hadi mwisho, mafuta yaliyomo, harufu, onyo la kuepusha macho. Alisikiliza macho ameyafumba. Akasema mwandishi ana mtindo mzuri, ila hadithi yake haina mhusika.

Ndiye mtu pekee huku anayeniuliza nimelalaje.

Mwanao


12 Machi

Daktari wangu,

Marahaba. Mteja wako anakushukuru kwa mikono miwili. Analoweka kila jioni bila kukosa, kwa kuwa daktari amesema. Anasema hata maji yaliyotoka jikoni sasa hivi yanampokea vizuri tu, hayamchomi. Mtu mvumilivu sana yule.

Mimi wiki hii nimetia aibu. Yule bwana wa posta alikuja nimsawazishe masharubu. Nikapunguza kushoto, nikaona kulia kumezidi, nikapunguza kulia, nikaona kushoto kumezidi, mpaka masharubu yakaisha. Amesema hatarudi, na barua zako ataniletea kwa kuzitupia chini ya mlango. Ni taa hii, imefifia. Nimebadilisha balbu na bado imefifia. Fundi Viatu anasema si taa. Huyo tangu lini akajua umeme.

Habari ya daktari mkuu kukuuliza maoni nimemsimulia kila aliyekaa kwenye kiti changu. Kuna mmoja nilimkata nywele nusu, nikasimama na mkasi hewani kumweleza, mpaka akaniomba nimalizie upande wa pili ili aende kazini. Nasema kweli, mwanangu, sijawahi kufurahi hivi tangu mama yako alipokuwa hai.

Jambo dogo. Yule mteja ametokwa na lengelenge mguuni, chini ya kidole gumba. Kubwa kidogo, lakini halimuumi kabisa. Anauliza aendelee kuloweka? Nilimwambia aende hapo hospitali ya mjini wamtazame, akasema foleni ya nini na yeye ana daktari wake.

Msalimie Mwalimu. Mwambie nyumba yetu nayo haina mhusika siku hizi.

Baba yako


23 Machi

Baba,

Shikamoo. Salamu zako hazikumfikia. Mwalimu amefariki.

Nilikuwa nimekwenda kula. Niligonga chuma cha kitanda, akasema amenisikia. Niliporudi nikakuta godoro tupu, limekunjwa, na mfanyakazi wa usafi anapangusa meza yake ndogo. Miwani yake ilikuwa imewekwa dirishani. Nikauliza yuko wapi, na hali nilijua. Sista alikuja akasimama nami kidogo, kisha akanionyesha kitanda cha pembeni, akasema kuna mwingine pale hana mtu. Nikahamisha stuli. Huyo wa pembeni sikumuuliza kama tuongee au tunyamaze. Nilikaa tu.

Baba, huku kuna watu wengi mpaka wengine wanalala sakafuni, na kutwa nzima naitwa binti, dada, mjukuu, shangazi. Jioni nikifika chumbani hakuna anayeniita kitu. Jana niliuambia ukuta habari za jioni, kisha nikaona haya kana kwamba kuna aliyenisikia.

Mteja wako aendelee tu. Lengelenge asilitoboe, apake mafuta, litakauka lenyewe. Nisamehe, leo maneno yameniishia.

Mwanao


8 Aprili

Mwanangu,

Pole. Pole sana. Ningekuwa karibu ningefunga duka nije nikae nawe, bila kuuliza tuongee au tunyamaze, maana jibu ningelijua.

Mama yako alipofariki watu walinijazia nyumba na maneno. Walisema mengi na yote yalikuwa mazuri, siwalaumu. Aliyenisaidia ni Fundi Viatu. Hakusema kitu. Alifungua duka lake asubuhi na mapema, akawa anagonga soli kutwa, hata viatu visivyo na mwenyewe, ili nisikie kuna mtu upande wa pili. Hilo sijawahi kumwambia, nawe usimwambie, atavimba kichwa.

Utaniwia radhi kwa mwandiko uliopinda, ni taa ileile. Siku hizi nafungua duka mchana tu, wateja wenyewe wamepungua. Yule mtu wa miguu haji tena kunyolewa. Anasema mguu unatoa harufu na anaona haya kukaa karibu na watu. Nimemtuliza kwamba mwanangu amesema aendelee kupaka mafuta. Wewe usijisumbue na watu wa huku. Kazi yako ni moja, ufike Julai.

Baba yako


16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua hii itakufikia ukiwa umeshapelekwa hospitali, naomba iwe hivyo. Nimempigia Fundi Viatu leo asubuhi kwa simu ya ofisini kwa Sista, nikamwambia aweke nyundo chini akuchukue sasa hivi, utake usitake.

Nilikuwa kwenye chumba cha kufungia vidonda, nimemshika mkono mpishi mmoja wa shule wakati muuguzi anamsafisha mguu. Ulikuwa mguu mbaya, Baba. Yeye alikuwa anatazama dari na kuniuliza habari za nyumbani, kwa kuwa hakuhisi chochote. Sista akamuuliza ulianzaje. Akajibu alikuwa anaamka usiku, ana kiu, miguu imekufa ganzi, basi mtu akamshauri aloweke kwenye maji ya moto. Sista akanigeukia mimi, kwa sababu hupenda kunifundisha, akasema, "Mwenye kisukari aliyekufa ganzi hajui maji ya moto. Ukimwambia kadiri anavyoweza kuvumilia, umemwambia ajipike."

Niliuachia mkono wa yule mpishi. Barua zako zote zilinirudia kwa pamoja, kiu, vikombe viwili vya chai, taa inayofifia, masharubu ya bwana wa posta. Fundi Viatu aliponijibu kwenye simu alisema, "Mzee wako anavaa kiatu mguu mmoja, mwingine kaufunga taulo. Nilidhani unajua. Anatuambia anatibiwa na wewe."

Basi hakuna mteja. Nami nikuambie la kwangu, hakuna daktari. Sijawahi kuzunguka na madaktari hata asubuhi moja. Daktari mkuu hajui kama nipo. Ninachofanya ni kukaa, tangu siku ya kwanza mpaka leo. Yale maneno ya maji ya moto nilimsikia muuguzi akimwambia mama mmoja aliyechoka miguu, nikayachukua nikakuletea kana kwamba ni yangu. Nilitaka uwe na kitu cha kuwasimulia watu kwenye kiti. Na huku hakuna anayeniuliza swali lolote, Baba. Wewe uliniuliza, nikaona utamu.

Nimekuunguza mguu. Sijui nikuombeje radhi.

Sista nimemwambia yote. Hakunigombeza. Alisema sasa nimejua kwa nini wanatuweka kwenye stuli kwanza kabla ya kutupa kitu kingine chochote mkononi.

Mwanao


27 Aprili

Daktari wangu,

Marahaba, na nitaendelea kukuita hivyo, huna la kufanya.

Fundi Viatu alinikokota kama gunia, bila heshima hata chembe, mbele ya mtaa mzima. Ni kisukari, kama ulivyosema. Wameniondoa vidole viwili, gumba na jirani yake, na wanakivizia cha tatu. Macho wanasema yatatulia sukari ikitulia. Kwa hiyo bwana wa posta aendelee kuvuta subira, masharubu yataota.

Sasa nisikilize vizuri. Hukuniunguza. Mimi ni kinyozi, nimepima maji ya moto maisha yangu yote kwa kiwiko, nilijua kabisa mguu usiosikia moto si mguu uliochoka. Lakini ungejua ni mimi ungekuja na basi la kwanza, na ndiyo maana nikamzua yule mteja. Na wewe uliponijibu kwamba si kitu, nilitaka sana iwe si kitu. Tumedanganyana wawili, na tuliyaamini ya mwenzetu kwa sababu yalikuwa matamu. Yameisha.

Ninachokuomba, usije. Ukikatiza unaanza upya, uliniandikia mwenyewe. Ukija sasa nitakuwa nimepoteza vidole na wewe umepoteza mwaka, na mimi hasara mbili siziwezi. Siko peke yangu. Hapa nao wana ndugu wa kuazima, wamenipa binti mmoja mzuri sana anayekaa nami kutwa. Kwa hiyo upande huu umefungwa, usiufikirie.

Baba yako


6 Mei

Baba,

Shikamoo. Siku ile nilipompigia Fundi Viatu nilifunga mkoba. Nikaenda kwa Sista kuomba ruhusa. Hakunizuia. Alisema kwenda naweza kwenda saa hiyohiyo, ila sahihi itabaki kwake, na kwamba sheria hiyo hakuitunga yeye. Nikarudi chumbani nikaufungua mkoba. Nikaufunga tena. Ikawa kila asubuhi naufunga na kila jioni naufungua, mwenye nyumba amekoma kunichungulia kwa kuwa nadhani ameshakata tamaa nami.

Ndipo barua yako ikafika, na yule binti. Baba, nilimshukuru mtu nisiyemjua mpaka nikalia. Nilikuwa nakuona usiku na mchana kwenye kitanda, unatazama dari kama yule mpishi, na stuli ya kando haina mtu. Sasa kuna mtu. Kwa hiyo nimebaki, na nakaa na watu wa wengine kwa moyo mwepesi kidogo, kwa sababu kuna mtoto wa wengine anayekaa na wangu.

Nieleze habari zake. Anakaaje, anakupa nini, anajua kunyamaza? Mwambie namsalimu, na namwonea wivu.

Mwanao


15 Mei

Daktari wangu,

Marahaba. Umetaka habari za binti, haya.

Hana mfano. Akifika anaweka stuli usawa wa magoti yangu, si kichwani, nisije nikapinda shingo. Viatu vyake anavivua na kuvisukuma chini ya kitanda ili visilie. Mikono yake ina joto kila wakati, sijui anaipasha wapi. Kabla hajasema lolote ananiuliza tuongee au tunyamaze, na mimi huchagua tuongee, kwa kuwa kunyamaza nilinyamaza vya kutosha nyumbani. Juzi hapakuwa na cha kusoma, akanisomea karatasi ya sabuni mpaka neno la mwisho. Nilicheka hadi wa kitanda cha jirani akaniuliza kuna nini. Na akitoka anagonga chuma cha kitanda mara mbili. Namsikia. Baada ya hapo nalala vizuri.

Jina lake sijamuuliza. Si muhimu.

Unaona basi jinsi ninavyotunzwa. Kidole cha tatu kimeondoka, lakini hata sikukihitaji sana. Fundi Viatu anakuja Jumapili kunitukana kidogo, ananiletea habari za mtaani. Kaa na watu wako. Imebaki safari fupi tu, usigeuke nyuma.

Baba yako


21 Mei

Baba,

Ukiamka ukaikuta karatasi hii kifuani, usimwite muuguzi akusomee. Jaribu mwenyewe, nimeandika kwa herufi kubwa.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa na bibi mmoja mgonjwa wa moyo. Mwanzo nilitabasamu. Nilipofika kwenye viatu nikaacha kutabasamu. Nilipofika kwenye sabuni nikaikunja. Bibi akaniuliza kulikoni, nikamwambia, "Baba yangu hana mtu."

Nilitaka kumwamini yule binti wako. Nilimwamini kwa sababu alinipa nafasi ya kubaki, na hilo nalisema wazi ili lisitusumbue tena. Muuguzi wa hapa kwenu ameniambia leo kwamba ndugu wa kuazima hawajawahi kuwa nao, na kwamba kitanda hiki hakina mgeni ila fundi mmoja wa Jumapili mwenye matusi. Stuli nimeitoa chumba cha pili. Sabuni yako iko juu ya meza, haijafunguliwa hata pembe.

Sista hakutia sahihi. Alinishika bega, akasema Februari ijayo stuli itakuwa palepale, nianze upya kama nina nia. Nikamwambia ninayo. Imeniuma, sikufichi. Nililia ndani ya basi sehemu kubwa ya njia, dereva akanipa leso yake bila kuniuliza. Lakini sikutamani kugeuza.

Nimefika ukiwa umelala. Umekonda, na ndevu zimekuota mpaka shingoni, wewe uliyenyoa mji mzima. Nimekaa usawa wa magoti yako mpaka jua likahama dirisha. Sasa nimekwenda jikoni kwao kuomba maji ya kukunyolea. Nitayapima kwa kiwiko changu mwenyewe, kisha nitampa muuguzi naye apime. Viatu vilivyo chini ya kitanda ni vyangu, nimeondoka na kandambili za watu. Nimegonga chuma mara mbili kabla ya kutoka, na najua hukusikia.

Nikirudi utaniambia kama tuongee au tunyamaze.

Mwanao, si wa kuazima